Mlango wa Moyo Unaovuja: Kuutengeneza au Kuubadili?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwaeleza wasomaji wetu mas'ala yaliyoletwa katika darasa letu hapa Kakamega, nasi hatukuweza kuyajibu siku ile ile. Baba mmoja alitujia baada ya sala ya alasiri, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Sheikh, binti yangu ana miaka 17. Madaktari wamempiga picha ya moyo, wakaona mlango mmoja wa moyo wavuja. Wasema hapana budi apasuliwe. Huenda wakautengeneza ule ule alioumbwa nao. Huenda wakautoa, watie mwingine. Na huo mwingine ama ni wa kiwandani, ama ni wa mnyama, na katika wanyama hao yumo nguruwe. Basi niambie, lipi katika haya ndilo la dini?"

Kabla hatujafungua kinywa, waliokuwapo walikwisha kugawanyika rai tatu. Mzee mmoja alisema: "Moyo ni siri ya Mungu, haufunguliwi, mtoto na aachiwe kudra yake." Kijana mmoja alisema: "Cha kiwandani ni tahiri na nguruwe ni najisi; atiwe cha kiwandani, mas'ala yamekwisha." Na wa tatu akasema: "Hili ni la daktari. Sisi hatuna neno ndani yake." Rai zote tatu zilisemwa kwa nia njema, na zote tatu twaziona zina upungufu. Makala haya ni ya kueleza upungufu huo.

Wanavyuoni walitufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyejua mlango wa moyo ni nini hana haki ya kuufutia. Basi tuanze hapo.

Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita vali. Kazi yake ni moja: kufunguka damu ipite, kisha kufunga damu isirudi. Moyo wa mtu hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku moja, na kila pigo milango hii hufunguka na kufunga, tukiwa macho au tumelala. Mlango ulioharibika kwa binti huyu ndio unaoharibika zaidi katika maradhi yake: ni ule wa upande wa kushoto, ulio kati ya chumba cha juu na chumba cha chini. Una vipande viwili laini kama mapazia, na mapazia hayo yameshikwa kwa nyuzi nyembamba, na yote yamezungukwa na pete ya nyama. Pete ikitanuka, au nyuzi zikikatika au kufupika, au mapazia yakikakamaa, mlango haufungi sawasawa. Damu iliyokwisha kwenda mbele hurudi nyuma kuelekea mapafuni. Moyo hufanya kazi maradufu kwa faida nusu, hutanuka, huchoka, na mwenye moyo huanza kuhema kwa kupanda kilima kidogo, kisha kwa kutembea tambarare, kisha hata kwa kulala chali.

Umeharibikaje moyo wa mtoto wa miaka 17? Hapa ndipo tunapojutia. Baba yake alikumbuka kwamba alipokuwa na miaka tisa koo lilimuuma siku kadhaa, naye akanyweshwa maji ya moto na ndimu. Baada ya wiki chache magoti yakamvimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko. Maumivu yakawa yahama kiungo hata kiungo. Wakasema ni kijicho, akafungiwa hirizi. Maumivu yakaondoka, hirizi ikasifiwa. Kumbe ile ilikuwa homa ya baridi yabisi ya watoto, ile iitwayo homa ya rumatiki, ambayo hufuata baadhi ya maumivu ya koo yaletwayo na vijidudu vya namna maalumu. Mwili ukipigana na vijidudu vile huweza kuushambulia moyo wake wenyewe. Viungo hupona, moyo hubaki na kovu. Dawa ya koo lile ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo.

Sasa tuangalie njia mbili walizozitaja madaktari.

Njia ya kwanza ni kuutengeneza mlango wenyewe. Bingwa aliyeisimamisha elimu hii ni daktari Mfaransa, Alain Carpentier. Yeye hakuanza kwa kuuliza atie nini mahali pa mlango uliovuja. Aliuliza kwanza ni sehemu gani ya mlango iliyoshindwa kazi yake. Pete ikiwa imetanuka, huirudisha katika umbo lake kwa pete ya kutengenezwa. Nyuzi zikiwa zimekatika, huweka nyingine. Pazia likiwa limezidi, hupunguza. Mlango ukitengenezeka vizuri, mgonjwa hubaki na kiungo chake, na mara nyingi hahitaji kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Lakini njia hii ina masharti mawili. Yataka mpasuaji mwenye mazoea nayo, na yataka mlango uliobakiwa na kitu cha kutengenezwa. Mapazia yaliyoliwa na homa ya rumatiki mara nyingi huwa manene, magumu, yameshikana. Na hata yakitengenezwa leo, ugonjwa huweza kuyarudia, mgonjwa akarudi kitandani kupasuliwa tena.

Njia ya pili ni kuubadili. Mwaka 1960, huko Oregon katika Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walitengeneza mlango wa tufe dogo ndani ya kizimba, daktari akautia moyoni mwa mtu, na mtu akaishi. Milango ya kiwandani ya leo haina tufe. Hufanywa kwa kaboni ngumu na huweza kudumu makumi ya miaka. Lakini damu haikipendi kitu kigeni, hugandia juu yake, na donge likiruka likafika kwenye ubongo huleta kiharusi. Kwa hiyo mwenye mlango huo humeza warfarini kila siku mpaka mwisho wa umri wake, na damu yake hupimwa mara kwa mara: dawa ikipungua damu huganda, ikizidi damu humwagika. Ama mlango wa mnyama, uliofanywa kwa mlango wa moyo wa nguruwe au kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, huo damu huukubali zaidi, na mara nyingi mgonjwa huepukana na warfarini ya maisha. Aibu yake ni kwamba huchakaa. Kwa mtu mzima huweza kufika miaka 10 hata 15. Kwa kijana huchakaa upesi zaidi, naye hana budi kupasuliwa mara ya pili.

La ajabu ni kwamba Carpentier yule yule aliyefundisha ulimwengu kutengeneza ndiye aliyepata dawa ya kuuhifadhi mlango wa nguruwe usioze mwilini mwa mtu. Na mwaka 2007 yeye na Starr walipewa pamoja tuzo ya Lasker. Wajuzi wa kazi hawakuzifanya njia hizi mbili kuwa madhehebu mawili yanayopigana. Kila moja ina mahali pake.

Sasa twarudi kwa wale watatu.

Kwa mzee wetu twasema: kudra ni haki, na sisi sote twaiamini, lakini dawa nayo ni katika kudra. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu kujitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Na aliyemuuliza habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Wala hatumuoni mzee wetu akiiacha paa ya nyumba yake ivuje kwa hoja kwamba mvua ni amri ya Mungu. Moyo kweli ni siri, lakini siri hiyo ni ya imani na nia. Ama pande la nyama lililo kifuani, hilo ni kiungo kama jicho na mguu, nalo ni amana tuliyopewa tuitunze.

Kwa kijana twasema maneno zaidi, kwa kuwa rai yake ndiyo inayofanana na elimu.

Amesema kweli kwamba nguruwe ni najisi, na ya kwamba chenye tahara hutangulizwa. Imamu Nawawi katika Minhaj amelitaja jambo lililo karibu sana na letu: mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa sababu hakupata kilicho tahiri, huyo ana udhuru. Na Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, baada ya kuharimisha nyamafu na damu na nyama ya nguruwe, amemwondolea dhambi aliyelazimika, asiyetamani wala kupita mpaka. Wala jambo letu si la kula. Basi najisi hii haikufunga mlango moja kwa moja. Imeufunga kwa mwenye njia nyingine.

Lakini je, binti huyu anayo njia nyingine? Kijana asema anayo, cha kiwandani. Hapa ndipo alipokosea, kwani ameuangalia mlango ukiwa juu ya meza, hakuuangalia ukiwa ndani ya maisha ya mtu. Kilicho tahiri hutangulizwa kikiwa chafaa. Hebu na tumfuate binti huyu miaka mitano mbele. Ameolewa, inshaallah, na amechukua mimba. Warfarini ambayo humlinda yeye huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Na akiiacha pasipo uangalizi wa daktari, damu huweza kugandia kwenye mlango ikamuua mama. Atakuwa kati ya khatari mbili, na atahitaji madaktari wa moyo na wa uzazi walio karibu naye. Tumfuate tena kijijini kwake. Chakula chake ni ugali na kunde na mrenda na managu na sukuma wiki, nazo mboga za majani mabichi zina kitu kinachoipinga dawa hiyo. Hakatazwi kuzila, bali yataka kipimo kiwe kimoja, asile kapu zima msimu wa mvua na msimu wa kiangazi asiguse. Na damu yake yataka ipimwe, mvua ikinyesha na njia ikiharibika, nauli ikiwapo na isipokuwapo.

Basi tahara ya kaboni ni haki, lakini uhai wa mama na mtoto nao ni haki. Na mtu aliyelazimishwa kubeba mzigo asioweza kuubeba hakupewa njia nyingine. Amepewa jina la njia tu.

Katika jambo hili tuna mfano ulio wazi kuliko maneno yetu. Arfaja bin As'ad, sahaba wa Mtume, alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahili. Akajifanyia pua ya fedha. Fedha ikamwozea, ikanuka. Mtume akamwamrisha ajifanyie pua ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume kuivaa. Tazama, ndugu msomaji, mpango wa jambo hili. Fedha ilitangulia, kwa kuwa ndiyo nyepesi katika hukumu. Haikuachwa kwa dhana, iliachwa ilipodhihiri kwamba haimfai. Na ilipodhihiri, hakuambiwa asubiri uvundo kwa ajili ya usafi wa sheria. Aliamrishwa lililomfaa.

Kwa mpango huo twasema katika mas'ala yetu: kwanza hutazamwa kutengeneza, kwani humbakishia mtu kiungo chake, na ndiko kunakomwacha huru zaidi baadaye. Kukiwezekana kwa neno la mpasuaji mwaminifu, haifai kukuacha kwa sababu tu kubadili ni kwepesi au kumezoeleka. Lakini mlango usiotengenezeka usishikiliwe. Kuna watu hudhani kwamba kubakisha cha asili ni ucha Mungu kwa kila hali. Huko nako ni kughurika, kwani kumfungua mtu kifua mara mbili kwa kupenda jina la kutengeneza ni kumdhulumu. Baada ya hapo huja cha kiwandani kwa mwenye kuweza masharti yake. Asiyeweza masharti hayo, ng'ombe akipatikana hutangulizwa. Na asipopatikana, au daktari mwaminifu akaona hakifai, basi huyo ndiye mwenye dharura, na udhuru wa wanavyuoni ni wake. Asiinamishe kichwa msikitini. Sala yake yasihi.

Kwa yule wa tatu, aliyesema kwamba hili ni la daktari tu, twasema: nusu ya neno lake ni kweli. Daktari ndiye ajuaye mlango. Wala haidhuru akiwa si wa dini yetu. Mtume alipohama Makka alimkodi Abdallah bin Urayqit amwonyeshe njia, naye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa hodari na mwaminifu. Hapa kwetu Kenya hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoko Bomet, imewapasua moyo vijana wengi walioharibiwa na homa hii, na anayekwenda huko hakupungukiwa na dini yake. Lakini daktari ajua mlango, hajui ni nani atakayempeleka binti kupimwa damu. Hilo twalijua sisi.

Na katika mazungumzo yetu yote tulikuwa tumesahau mtu mmoja. Baba alisema, ami akasema, mzee akasema, kijana akasema, nasi tukataja vitabu. Mwenye kifua hakuulizwa. Tuliona haya, tukamwomba baba amlete pamoja na mama yake. Tukamweleza njia zote kama tulivyozieleza hapa, polepole, naye akasikiliza macho yake yakiwa chini. Kisha akasema: "Maalim, dawa nitameza kila siku, siogopi. Lakini nani atanipeleka kupimwa damu baba akiwa hana nauli? Na nikiolewa, huyo mume ataambiwa?"

Twakiri kwamba maswali haya mawili yalikuwa na fiqhi kuliko yote tuliyoyasema siku ile. Yeye alikwisha kuona kwamba anayechagua mlango achagua pia maisha ya kuishi nao, na ya kwamba maisha hayo hayamhusu yeye peke yake.

Hapo tukafahamu wajibu wetu. Amana ya moyo haiishii mlangoni pa hospitali. Sisi watu wa hapa twajua kuchanga; harambee ya mazishi haikosi watu, na ya safari ya upasuaji huwapata pia, kwa kuwa hiyo ina siku moja na picha moja. Lakini nani achangia nauli ya mwezi wa saba baada ya upasuaji? Mwaka 2007 shirika la Kiitaliano liitwalo Emergency lilifungua Khartoum kituo cha Salam, kikawapasua moyo bila malipo wagonjwa wa nchi nyingi za Afrika. Aprili 2023 mji ule ule ukageuka uwanja wa vita. Mwenye mlango wa kiwandani aliyeishi mji ule alihitaji kidonge chake siku ile ile risasi zilipoanza, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Sisi hatuna vita, alhamdulillahi. Udhuru wetu ni upi?

Kwa hiyo darasa limeazimia mambo matatu. Kwanza, watu wawili katika sisi wamejitwika nauli ya binti huyu ya kupimwa damu, akibadiliwa mlango, na sindano zake za penisilini za kila wiki tatu au nne, ambazo hazikomi hata baada ya kupasuliwa, ili homa ile isiurudie moyo. Pili, kila familia ya darasa ijiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 imeshika nafasi ya bima ya zamani ya hospitali, asingoje kuugua. Tatu, nalo ndilo kubwa, walimu wa madrasa zetu wasimwache mtoto mwenye homa na koo linalouma akae mkekani mpaka apone mwenyewe. Apelekwe zahanati. Na mtoto ambaye maumivu yahama kiungo hata kiungo asifungiwe hirizi, asikilizwe moyo. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote kuipiga vita homa hii. Sisi twaweza kuanzia mkekani.

Twajiita watu wa islahi, na islahi maana yake ni kutengeneza. Basi na tujue kwamba atengenezaye koo la mtoto wa miaka tisa ametengeneza moyo wa kijana wa miaka 17, na hakuna mpasuaji awezaye kumpita.

Ama binti, alichagua mwenyewe, wazazi wakiwapo. Mpasuaji humkuta mgonjwa amelala, wala hawezi kumwamsha amuulize, kwa hiyo shauri lote lafaa limalizike mapema. Alitaka mlango wake utengenezwe, ukiwa unatengenezeka. Na mpasuaji akiona hautengenezeki, atiwe wa ng'ombe, naye amekubali kwamba huenda akapasuliwa tena atakapokuwa mama wa watoto. Baba yake aliandika maneno hayo kwa mkono wake ili ampelekee daktari. Mume atakayemposa ataambiwa. Hilo tumelichukua sisi.

Mpaka tunapoandika haya, siku yake haijafika. Twawaomba wasomaji wetu wamwombee dua, kisha watazame makoo ya watoto wao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.